Nani Anamgusa Samaki Wangu

Kwetu, mtaa wa Fedha, sebuleni, kati ya televisheni na friji, kuna tangi la kioo lililojaa maji ya bahari. Si kubwa. Ukilikumbatia, mikono yako itakutana upande wa pili. Ndani kuna mchanga, mawe yenye mashimo, kipande cha matumbawe hai kinachofunguka mchana kama ua, konokono wa kulamba uchafu wa kioo, na samaki asiyezidi kidole changu cha kati. Muhula uliopita nilimshuku kila mtu wa nyumba hii, mmoja baada ya mwingine, kwamba anataka kumuua huyo samaki. Wa mwisho kumshuku ndiye niliyepaswa kuanza naye, lakini ni nani huanza na nyanya yake?

Samaki aliletwa na mjomba, ndugu wa mama. Mjomba ni dereva. Kazi yake ni kubeba masanduku ya samaki wa mapambo kutoka pwani hadi uwanja wa ndege, na uwanja wenyewe hauko mbali nasi. Ndege ikipita chini, vikombe hutetemeka kabatini. Samaki hao huenda kuishi ng'ambo kwenye majumba ya watu. Mara nyingine mmoja hukataliwa: pezi limechanika, au si yule aliyeagizwa. Huyu alikuwa na makosa yote mawili. Mjomba alimleta ndani ya mfuko wa plastiki uliofura kama puto, pamoja na tangi kuukuu na mawe yake.

Mama hakumtazama samaki. Alitazama mfuko.

"Hii juala si walipiga marufuku?"

"Ya samaki wanaruhusu, dada."

"Na samaki mwenyewe ameruhusiwa?"

"Huyo ni rijekti tu. Wangemmwaga."

"Kwa hivyo nyumba yangu ndiyo ya marijekti."

"Hiyo nafasi nilishajaza, anti," akasema binamu yangu kutoka kwenye kochi. Binamu alimaliza kidato cha nne kitambo na tangu hapo kochi ndilo kitanda chake, akitafuta kazi. Alikuja akachungulia mfuko. "Sasa hii ni nini? Manze, hii ni omena imevaa jezi."

Mama alikubali, kwa masharti. Aliyasema akininyooshea kijiko cha mchuzi: "Hiyo kitu ikinuka, ama ikufe, ama iniletee maneno na majirani, inatoka siku hiyo hiyo, na tangi lake. Tumesikizana?"

Nikasema tumesikizana. Kama angenidai niache kula nyama ningekubali pia.

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani mwalimu akiuliza kitu ninachokijua, mkono hukataa kupanda, halafu mwingine anajibu lile lile jibu langu na kupigiwa makofi. Nyumbani wageni wakija mimi huwa jikoni. Huyu samaki siku ya kwanza aliingia nyuma ya jiwe akakaa huko mpaka nikadhani amekufa. Kumbe alikuwa ananiangalia. Nilipogundua hivyo nilivuta stuli nikakaa, nikamwacha aniangalie.

Kwanza nilitaka kujua yeye ni nani. Mjomba alitaja jina, kesho yake akataja lingine, nikaanza kutomwamini. Baada ya kazi ya shule nilikuwa naomba simu ya mama na kulinganisha picha. Macho yake yako juu ya kichwa kama ya chura. Mdomo umepinda chini kama mtu aliyetukanwa. Mwili mweupe wenye mistari ya rangi ya kutu, na mashavuni vidoti vya buluu ambavyo huvioni mpaka taa imguse kwa upande. Nilikuwa nimebaki na majina mawili, gobi au bleni, kwa sababu hao wawili wote ni wadogo na wote hukaa chini wakitazama watu. Bleni ana pezi moja refu la mgongoni kutoka shingoni hadi mkiani. Huyu wangu alikuwa na mawili, na katikati nafasi. Halafu siku moja alijibandika kwenye kioo, tumbo likiwa upande wangu, nikaona mapezi ya chini yameungana yakawa kama kikombe kidogo. Gobi. Nilifurahi peke yangu jikoni, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwambia ambaye asingesema omena.

Kumtunza si kugumu, ila kunataka mtu asiyesahau. Maji hupungua kila siku kwa joto, lakini kinachoondoka ni maji, chumvi hubaki. Kwa hivyo hupaswi kujazia maji ya bahari, utamzidishia samaki chumvi. Nilibandika utepe kwenye kioo, na maji yakishuka chini ya utepe nilijazia maji ya kunywa kutoka kwenye duka la maji. Ya mfereji hapana, yana dawa. Mjomba akipita na jerikeni ya maji ya bahari, nabadilisha kiasi. Chakula ni kamba wadogo waliogandishwa, wanaokaa kwenye barafu ya friji chini ya nyama, jambo ambalo mama hulisema kila akifungua. Gobi hafuati chakula juu. Ni lazima umpelekee mlangoni kwake kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole. Na juu ya tangi lazima kuwe na wavu, kwa kuwa gobi akishtuka huruka, na nje ya maji ni kwenye zulia letu.

Halafu sauti ikaanza. Tak! Kama mtu amepiga kioo kwa ukucha. Mara ya kwanza nilidhani tangi linapasuka.

Ikawa imefika zamu ya nyumba yetu kupokea kina mama wa maombi wa ploti, yaani jengo letu zima. Mimi nilikuwa jikoni na vikombe. Jirani wa mlango unaotazamana na wetu ndiye aliyekuwa anaomba, na huyo akiomba hata birika hunyamaza. Alipovuta pumzi tu, tak!

"Nani amegonga?" akauliza, bado macho amefumba.

"Ni samaki, dada. Tuendelee," mama akasema.

"Samaki hugonga?"

Tak!

Sasa macho yote yalikuwa wazi. Jirani akaliendea tangi, akainama, mkoba kifuani. "Haya maji ni ya wapi?"

"Ni ya bahari. Ndugu yangu huyaleta kutoka Mombasa."

Nilichungulia. Hakuna aliyekunywa chai. Jirani akarudi kitini polepole. "Dada, mimi sisemi kitu. Lakini maji ya Mombasa hayaji peke yake."

Hapa kwetu kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Watu husimulia majini ya pwani, paka anayeongea, mwanamke mrembo mwenye kwato. Binamu aliposikia jioni alicheka mpaka akashuka kochini. "Siste, umeficha jini na hujaniambia? Liambie linitafutie job." Mama hakucheka. Aliniangalia tu, nikajua anahesabu sharti la tatu.

Siku chache baadaye nilimwona mgongaji. Gobi alikuwa amelala mlangoni mwa shimo chini ya jiwe, na nyuma yake akatoka kamba mdogo, mkono mmoja mkubwa kuliko mwingine, akisukuma mchanga kama buldoza. Nadhani aliingia amejificha ndani ya jiwe. Ule mkono mkubwa akiufunga kwa nguvu ndio hutoa mlio. Nilisoma kwamba kamba huyo haoni vizuri. Yeye huchimba nyumba, gobi hulinda mlango, na kamba akitoka nje huweka sharubu yake juu ya mkia wa gobi. Gobi akiona hatari hutingisha mkia, wote wawili huzama ndani. Niliiona kwa macho yangu ile sharubu. Haikuachia mkia hata mara moja.

Sikumwambia mtu. Mama alikuwa ameruhusu samaki mmoja.

Wakati huo Kukhu alikuwa ameshafika, nyanya yangu mzaa mama, kutoka magharibi, kuja kutibiwa macho. Mchana sisi wote tukitoka, hata binamu akizunguka kutafuta kazi, yeye hubaki. Alichagua kiti kilicho karibu na tangi kwa sababu ndicho chenye mto. "Huyu mdogo wako halii, hasumbui," aliniambia. "Lakini mbona hatoki?" Nikasema ana aibu. Akasema, "Hmm." Ile hmm ilikuwa ndefu.

Sasa nikaanza kuona mambo. Jioni moja wavu ulikuwa umekaa upande. Jioni nyingine juu ya maji kulikuwa na utando, ukiinama unaona rangi za upinde wa mvua. Gobi alikuwa mlangoni kwake, mashavu yakienda haraka haraka. Matumbawe yalikuwa yamejikunja. Nilitoa utando kwa karatasi ya shashi, unailaza juu ya maji inanyonya, unaivuta, lakini kesho yake ulirudi.

Nilianza na binamu. Yeye hula chipsi akitazama mpira, na vidole vyake vinajulikana.

"Wewe umetia mkono kwa tangi?"

"Mimi? Nitie mkono kwa nyumba ya jini?"

"Kuna mafuta kwa maji."

"Si ndio mnaanza kumkaanga. Mimi naweza leta ugali."

Sikumwamini. Mtu akifanya mzaha kwa kila kitu huwezi kujua lini anadanganya. Nikachukua uzi wa kushonea, wa rangi ya wavu, nikaulaza juu yake kutoka kona hadi kona. Asubuhi hiyo binamu alikuwa amepata kibarua cha mjengo Njiru, akaondoka kabla yangu na kurudi baada yangu, saruji mpaka kwenye nyusi. Niliporudi kutoka shule uzi ulikuwa sakafuni na utando juu ya maji.

Kwa hivyo si yeye. Nilitaka iwe yeye. Kumshuku binamu hakuumizi.

Nikamgeukia mama. Hili ni gumu kuliandika lakini ni kweli, nilikaa mezani nikamwangalia mama yangu akikanda unga wa chapati, mafuta mpaka kwenye viwiko, nikafikiri: huyu ndiye anayetaka tangi litoke. Samaki akifa, sharti limetimia, na hakuna wa kulaumiwa. Mama akainua kichwa. "Mbona unaniangalia kama polisi?" Nikasema hakuna kitu. Lakini niliposogea kwenye tangi na kunusa maji, hayakuwa na harufu ya mafuta ya kupikia. Yalikuwa na harufu tamu, harufu ya Jumapili, sijui nieleze vipi.

Basi akabaki jirani. Nilijua huja mchana kumsalimia Kukhu, maana vikombe viwili nilikuwa navikuta kwenye karai. Nikamwona akilini akinong'ona huku ameinua wavu. Nilimchukia kabisa. Tukikutana kwenye ngazi nilikuwa naangalia viatu vyangu, na yeye akisema, "Huyu msichana salamu humwisha wapi?"

Jumamosi hiyo mama alikuwa ameenda kwenye mkutano wa chama chao cha akiba na binamu yuko Njiru. Mimi nilikuwa nimetumwa sokoni Kariobangi. Nikiwa kwenye ngazi nikirudi, redio zote za ploti zilinyamaza kwa pamoja. Stima imepotea. Nikaanza kukimbia, kwa sababu bila stima pampu haitoi mapovu, na samaki hana hewa ila ile inayoingia kwa juu.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nilisikia sauti kabla sijausukuma, nikaona kwa ule ufa.

Jirani hakuwepo. Kukhu alikuwa amesimama peke yake mbele ya tangi, wavu ameuegemeza ukutani, kitambaa kichwani. Mkononi alikuwa na kichupa cha mafuta ya upako, ya kuombea, alichotoka nacho kwake magharibi. Alitia matone, moja kila kona, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Wewe unayegonga," alisema. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaongea kama anayemfukuza mbuzi wa mtu. "Nimekwambia jana na juzi. Rudi kwenu baharini. Na huyu mdogo umwache. Umemfanya askari wako, hali vizuri, halali, mlangoni kila siku. Yeye ana makosa gani? Hata mjukuu wangu anamhurumia. Mwachilie."

Nyanya alikuwa anamwombea gobi. Ni yeye aliyekuwa anamuua.

Kwetu humkatizi mtu mzima akiomba, na mimi hata asiyeomba simkatizi. Lakini kupitia kioo nilimwona gobi ametoka shimoni kabisa, jambo asilolifanya, amepanda hadi juu ya maji na anameza hewa kwa mdomo. Utando ulikuwa mzito kama ule wa supu iliyopoa.

"Kukhu, anakufa!"

Aligeuka akakaribia kuangusha kichupa. "Nani?"

"Samaki. Mafuta yamefunika maji. Hawezi kupumua."

"Haya ni mafuta ya maombi. Hayaui."

"Hayaui watu, Kukhu. Yeye anapumua maji."

Akaniangalia. Sijui kama ni yale maneno au ni kwamba hakuwa amewahi kuisikia sauti yangu ikiwa na ukubwa huo. "Sasa tufanye nini?"

Tulifanya hivi. Mimi nililaza karatasi za shashi juu ya maji na kuzivuta, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha, nikaendelea na kurasa za gazeti. Kukhu nilimpa kikombe: unachota maji, unayainua juu, unayamwaga yarudi kwa kishindo, ili yabebe hewa. Alichota na kumwaga. Mkono ukichoka alibadilisha. Akasema kidogo kidogo, kama anayeuliza bei, "Na anayegonga?"

Nikamwambia. Kwamba si jini, ni kamba. Kwamba haoni, na yeye ndiye aliyechimba lile shimo wanamoishi wote wawili. Kwamba gobi halazimishwi.

"Umemwona wewe mwenyewe?"

"Nimemwona."

"Na mbona hukusema?"

"Mama aliruhusu mmoja."

"Hmm," akasema, na kuendelea kumwaga.

Gobi alishuka chini akalala ubavu mchangani, nikadhani ndiyo basi. Kukhu hakusimama. Alimwaga mpaka mikono ya gauni ikalowa, na redio zikaanza kupiga kelele tena na pampu ikakohoa, naye bado anamwaga. Baadaye sana gobi alijiinua, akajikokota kinyumenyume hadi mlangoni kwake. Mle gizani ukatoka ule uzi mwembamba, sharubu, ukapapasa huku na huku, ukaupata mkia. Kukhu alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Kwa macho yake sijui aliona nini.

"Anamshika," akasema.

"Ndiyo, Kukhu."

"Bado simwamini."

Mama aliporudi alikuta karatasi za shashi zimelowa chumba kizima na gazeti lake ambalo hajasoma. Alisimama mlangoni, mkoba begani. "Imekufa?" Nilisikia kwenye sauti yake kwamba jibu la tangi lilikuwa tayari.

"Haijafa," Kukhu akasema. "Ni mimi nimetia upako ndani ya maji. Nikakosea. Jirani yako aliniambia kuna kitu."

"Mama! Ameanza tena? Si nilisema ikileta maneno na majirani inatoka? Nilisema ama sikusema?"

"Ulisema," nikajibu.

"Basi ndugu yangu akipita wiki ijayo anaibeba."

Kukhu alikuwa anakamua mkono wa gauni juu ya karai. Hakuinua kichwa. "Mkono wangu umeshikwa na baridi yabisi kwa ajili ya huyu samaki, na wewe unataka kumpa watu? Maneno ya jirani niachie mimi. Niliyaleta mimi."

Jirani alikuja siku iliyofuata baada ya ibada, bado na viatu vya kanisani. Mimi, badala ya kwenda jikoni, nilibaki kwenye stuli. Sikuwa na ujasiri wowote. Nilikuwa naogopa kumwacha Kukhu naye. Wasiwasi wangu ni kwamba wakisalimiana tu, Kukhu atarudi kuwa wa jana.

Kukhu alikutana naye pale pale mlangoni, na kwa upana wa gauni lake hakuna aliyeweza kupita.

"Mama, mmelala salama?" jirani akauliza. "Ile kitu bado iko?"

"Kitu gani? Hapa kuna samaki wa mjukuu wangu."

Tak!

Jirani akarudi nyuma kidogo. "Si huyo! Bado anagonga!"

"Hata wewe ukifungiwa ndani ya kioo utagonga," Kukhu akasema. "Utakunywa chai?"

Jirani akasema ameacha chungu jikoni. Binamu alikuwa amejifunika blanketi usoni na blanketi lilikuwa linatikisika. Mama aliyasikia yote kutoka chumbani, na wiki iliyofuata mjomba alipita akaleta jerikeni, hakubeba chochote.

Kukhu bado yuko nasi mpaka daktari wa macho amwachilie. Kiti ni kile kile. Sasa yeye ndiye huniambia maji yakishuka chini ya utepe, na huniambia kwa ukali, kana kwamba nilitaka kusahau. Kichupa amekiweka chumbani, amesema mwenyewe, na mtu mzima akisema hivyo humuulizi mara mbili. Mimi asubuhi kabla ya kwenda shule nalaza kipande cha karatasi juu ya maji, nakiinua, nakipeleka dirishani kuona kama kina doa la mafuta.